Barabara Kuu Ikikwepa Mji Wenu, Piganieni Mlango

Wasee, hii mada ya baipasi hutugawanya vibaya. Kila mara barabara kubwa ikitajwa Kenya, iwe ni upanuzi wa Rironi hadi Mau Summit au baipasi ya mji fulani, watu hujipanga pande mbili. Kuna wale wa haraka: jengeni, tumechoka kukaa kwa jamu nyuma ya malori. Na kuna wale wanaouza chai, nyama, mahindi na mafuta kando ya barabara: mkipitisha magari kule, sisi tutakula nini? Wa kwanza huwaita wa pili maadui wa maendeleo. Wa pili huwaita wa kwanza watu wa magari makubwa. Wakimaliza kutukanana, barabara inajengwa.

Mimi naona pande zote mbili hubishania kitu ambacho kimeshaamuliwa. Barabara itajengwa. Swali la maana ni hili: ikishajengwa, gari litaingilia wapi mjini, litatokea wapi, na nani atamwambia dereva kwamba kuna mji hapo? Kuna nchi ilipitia haya kwa uchungu, mji baada ya mji, kwa karibu miaka 30. Hiyo nchi ni Marekani, na jibu lake liko kwa kibao kimoja cha kijani ambacho Wakenya wachache wamewahi kukitilia maanani.

Sikumaliza chuo na sijasomea uinjinia, lakini ramani ni za kila mtu. Twende polepole.

Kibao cha kijani

Ukiendesha gari kwenye barabara kuu za kitaifa za Marekani, zile zinaitwa Interstate, kila moja ina nambari yake kwenye kibao chenye umbo la ngao: nyekundu juu, buluu chini, maandishi meupe. Lakini ukikaribia miji fulani utaona ngao ya umbo lile lile, nambari ile ile, ila yote ni ya kijani. Juu, pale palipokuwa na neno Interstate, pameandikwa Business.

Maana yake ni rahisi. Barabara kuu imezunguka mji. Lakini ile barabara ya zamani, iliyokuwa ikikatiza katikati ya mji mbele ya maduka na hoteli, haijatupwa. Imepewa nambari ya barabara kuu, imevalishwa kijani, na inamwambia dereva: tokea hapa, pita mjini, kula, lala, jaza mafuta, kisha usiwe na wasiwasi, barabara hii itakurudisha kwenye ile kubwa mbele. Ikitoka na kurudi huitwa Loop, yaani kitanzi. Ikiingia mjini na kuishia huko huitwa Spur, kama tawi la mti.

Kwa mfano, Interstate 40 ikivuka jimbo la Arizona, ina vitanzi vya kijani Holbrook, Winslow, Flagstaff, Williams, Ash Fork, Seligman na Kingman. Ukivifuata hivyo vitanzi, mara nyingi utakuwa unaendesha juu ya lami ya barabara ya zamani inayojulikana dunia nzima: Route 66.

Hapo ndipo historia inaanza.

Wakati mji ulikuwa ndio barabara

Route 66 ilizaliwa mwaka 1926, Marekani ilipoanza kuzipa barabara zake nambari za kitaifa. Ilitoka Chicago ikakata majimbo manane hadi pwani ya California, karibu kilomita 3,900. Kufikia 1938 ilikuwa imetiwa lami yote. Miaka ya 1930 ukame na vumbi vilipowafukuza wakulima wa Oklahoma na majirani zao, wengi walikwenda magharibi kwa barabara hiyo wakiwa na magodoro juu ya gari. Baada ya vita vya pili vya dunia wakaja wa aina nyingine: familia zenye gari na likizo.

Jambo la kushika ni kwamba barabara hiyo haikupita kando ya miji. Ilipita ndani yake. Barabara kuu na barabara ya maduka ilikuwa kitu kimoja. Ukitaka kufika California ilibidi upite mbele ya kinyozi, sheli, mkahawa na kanisa la kila kamji njiani, tena kwa mwendo wa pole.

Ukikulia Kenya hii haihitaji maelezo mengi. Ni Mtito Andei, ni Emali, ni Kikopey ya nyama choma, ni Soko Mjinga ya viazi na kabeji. Gari moja likisimama dakika 20, pesa zake zinagawanyika: mwenye sheli, mwenye choo, mama wa chai, kijana wa karanga, anayeziba pancha. Hakuna anayepata nyingi, lakini wengi wanapata. Route 66 ilikuwa hivyo kwa karibu kilomita elfu nne.

Mji wa Tucumcari, jimbo la New Mexico, ulijitangaza kwa mabango kando ya barabara ukijivunia vyumba 2,000 vya moteli. Elfu mbili, katika mji mdogo jangwani. Vyote vilitegemea kitu kimoja: dereva aliyechoka jioni akiwa mbele ya mlango wako.

Sheria ya 1956

Tarehe 29 Juni 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kujenga mtandao mpya wa barabara kuu, takriban kilomita 66,000. Kwa kila dola ya ujenzi, serikali ya kitaifa ingetoa senti 90 na jimbo senti 10. Ukiwa gavana, utakataa aje pesa kama hizo?

Hizo barabara mpya zilikuwa na tabia mbili zilizobadilisha kila kitu.

Kwanza, huwezi kuingia wala kutoka popote unapotaka. Kuna milango maalum tu, yale makutano ya madaraja na michepuko. Hakuna taa za kusimamisha magari, hakuna kuvuka kwa miguu, hakuna duka lenye uso kwa barabara. Kama mji wako haukupewa mlango, basi kwa dereva mji wako ni mandhari tu.

Pili, na hii watu wengi hawaijui, sheria ilikataza sheli na biashara nyingine za kuhudumia wasafiri kujengwa ndani ya ardhi ya barabara yenyewe. Ukitaka mafuta au chakula, lazima utoke. Waliogopa kwamba mfanyabiashara mmoja aliyepewa nafasi barabarani angewamaliza wote walio nje. Kwa hivyo sheria ile ile iliyouondoa mji barabarani ilimlazimisha pia dereva mwenye njaa atafute mji. Lakini angetoka mlango upi? Hapo ndipo vita vilikuwa.

Siku magari yalipoisha

Kama uliangalia ile katuni ya magari, *Cars* ya mwaka 2006, basi tayari unajua kidogo. Ule mji uliosahaulika ndani yake ulichorwa kutokana na miji ya Route 66, na mmoja wa watu waliosimulia watengenezaji wa filamu hiyo jinsi ilivyokuwa ni kinyozi wa Seligman, Arizona, anayeitwa Angel Delgadillo, aliyezaliwa mwaka 1927.

Seligman ilikwepwa na Interstate 40 tarehe 22 Septemba 1978. Delgadillo amesimulia mara nyingi jinsi magari yalivyotoweka siku hiyo hiyo. Hayakupungua polepole kama maji ya mto wakati wa kiangazi. Yalifungwa kama bomba. Asubuhi kuna msururu, alasiri hakuna.

Na Seligman ilikuwa na bahati, kwa sababu Interstate inapita karibu nayo na ilipata milango na kitanzi chake cha kijani. Angalia ramani magharibi ya hapo. Route 66 inapinda kwenda kaskazini kupitia Peach Springs, makao ya serikali ya watu wa asili wa Hualapai, kisha Truxton na Hackberry, kabla ya kushuka Kingman. Interstate haikupinda. Ilikata moja kwa moja kusini. Vijiji vya kwenye pinde havikukwepwa kwa kilomita moja au mbili. Viliachwa mbali kabisa, na hakuna kibao cha kijani kinachoweza kumshawishi dereva azunguke hivyo ili anywe kahawa.

Kwa hivyo tayari kuna madaraja ya kukwepwa. Kuna kukwepwa ukiwa na mlango, na kuna kukwepwa bila mlango. Hayo mambo mawili ni tofauti kama kuachishwa kazi ukiwa na malipo ya kuanzia maisha na kuachishwa kwa ujumbe wa simu.

Waliopigana, na walichopata

Watu wa miji hiyo hawakukaa wakilia. Mwaka 1963 bunge la jimbo la New Mexico lilipitisha sheria ya kuzuia baipasi pale ambapo mji wenyewe haukutaka. Fikiria ujasiri huo. Jimbo maskini, jangwa, linaiambia Washington: hamtazunguka miji yetu bila sisi kukubali.

Washington haikutuma askari. Ilikumbusha tu kuhusu zile pesa. Mkitung'ang'ania, fedha za barabara zinakatwa. Haikuchukua muda, sheria ile ikafutwa.

Ukiishia hapo utasema wanyonge walishindwa kama kawaida. Lakini angalia kilichotokea katikati. Mwaka 1964 Tucumcari na jirani yake San Jon zilikuwa miji ya kwanza New Mexico kuketi na maafisa wa jimbo na wa serikali kuu wakakubaliana kuhusu mahali baipasi ingepita. Makubaliano yalikuwa kwamba barabara mpya ipite karibu iwezekanavyo na sehemu ya biashara, ili msafiri aingie kwa urahisi. Miji mingine kama Santa Rosa, Grants na Gallup ikafuata njia hiyo. Na kwa sababu ya hayo mazungumzo yote, mingi yao ilikuja kukwepwa miaka ya 1970 ikiwa imeenda. Walipata muda wa kujipanga, na walipata mlango ulio karibu.

Wa mwisho kabisa ulikuwa Williams, Arizona. Wenyeji walikwenda mahakamani mara kadhaa. Mwishowe jimbo lilikubali kuupa mji milango mitatu kwenye Interstate 40, na kesi zikaisha. Barabara ikafunguliwa tarehe 13 Oktoba 1984, na mwaka uliofuata, 1985, Route 66 ikafutwa rasmi kwenye orodha ya barabara za kitaifa.

Milango mitatu kwa mji mdogo kama huo. Hicho ndicho walichotoa kwa miaka ya kesi. Hawakuizuia lami. Waliihamisha, wakaitoboa mahali walipotaka. Ukiniuliza mimi, huo ni ushindi, na ni ushindi ambao sisi huku hata hatujui unaweza kuombwa.

Kibao hakipiki chakula

Sasa, nisiwauzie ndoto. Kibao cha kijani hakikuokoa kila mtu.

Kwanza, mlango wenyewe uligeuka kuwa mji mpya. Kampuni kubwa ziliona mapema kwamba dereva akitoka anataka kurudi haraka. Holiday Inn, iliyoanza Memphis mwaka 1952, McDonald's na wenzao walijenga pale pale kwenye mchepuko, mita chache kutoka kwenye lami kubwa. Dereva alitoka, akala, akarudi, na hakufika kwa mkahawa wa katikati ya mji ulio kilomita mbili ndani. Kwa hesabu za serikali, mji ule bado ulipata biashara. Kwa hesabu za mama wa mkahawa, alifunga. Pesa zilizokuwa zikigawanyika kwa watu 20 sasa zilipitia kaunta moja, na faida ikasafiri kwenda makao makuu ya kampuni.

Pili, kuna miji ambayo ilikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni kuwa njiani. Glenrio, kwenye mpaka wa Texas na New Mexico, leo ni majengo matupu na upepo.

Tatu, moteli za zamani zilishuka bei. Na hapa hadithi inarudi kwetu Afrika Mashariki bila kutarajiwa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Wengi walikwenda Uingereza, lakini baadhi walifika Marekani, wakajiunga na Wagujarati wengine waliokuwa wameanza kununua moteli ndogo. Moteli ilikuwa biashara inayowafaa watu waliopoteza kila kitu: unanunua jengo kwa bei ya chini, familia inaishi chumba cha nyuma, baba yuko mapokezi, mama na watoto wanatandika vitanda. Hakuna kodi ya nyumba, hakuna mishahara. Baadhi ya washindani wao walitundika mabango ya kusema moteli yao inamilikiwa na Wamarekani, na kila msomaji alielewa mabango yale yalimlenga nani. Lakini waliovumilia walivumilia, na leo sehemu kubwa ya moteli za Marekani iko mikononi mwa familia za Kihindi. Mji uliokwepwa ulikuwa msiba kwa mmoja na mlango kwa mwingine.

Na tusisahau kwamba hiyo barabara ya zamani yenye kusifiwa haikumkaribisha kila mtu. Kuanzia mwaka 1936, Victor Hugo Green, mtu wa posta wa New York, alichapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri Weusi hoteli, sheli na mikahawa ambayo ingewapokea, kwa sababu sehemu nyingi hazikuwapokea. Kulikuwa na miji ambayo Mweusi hakutakiwa kuonekana jua likizama. Kwa msafiri kama huyo, kupita katikati ya kila mji kulikuwa hatari, si raha. Kwa hivyo mtu akikuambia zamani mambo yalikuwa matamu barabarani, muulize: kwa nani?

Mlango, halafu sababu

Miji iliyosimama tena ilifanya nini? Mlango ulikuwepo. Ikaongeza sababu ya kuutumia.

Seligman ilikaa karibu miaka tisa katika ukimya. Kisha Februari 1987 Delgadillo na wenzake waliunda chama cha kuihifadhi Route 66 Arizona, wakaisumbua serikali ya jimbo hadi mwaka huo huo ikaitangaza sehemu ya Seligman hadi Kingman kuwa barabara ya kihistoria. Angalia walichofanya: ile pinde ya kaskazini iliyoachwa bila mlango, yenye Peach Springs na Hackberry, ndiyo waliyoigeuza kuwa kitu cha kutembelewa. Upungufu wenyewe ukawa bidhaa. Majimbo mengine yakaiga.

Williams ilikuwa na bahati ya kuwa karibu na Grand Canyon, lakini bahati haijiendeshi yenyewe. Treni ya abiria kutoka mji huo hadi bonde ilikuwa imekufa tangu 1968. Ilifufuliwa mwaka 1989, miaka mitano tu baada ya baipasi. Winslow ilichukua wimbo mmoja wa miaka ya 1970 uliotaja jina lake, ikajenga kona yenye sanamu ambapo watu husimama wapigwe picha. Unacheka, lakini watu wanatoka barabara kuu kwa ajili ya hiyo picha. Na kule Tucumcari, moteli ya Blue Swallow ya mwaka 1939 bado inalaza wageni, taa zake za rangi zikiwaka usiku.

Lakini tukumbuke mpangilio. Kama milango isingekuwa imeshapiganiwa mapema, hizo sanamu na treni zingekosa mtu wa kuziona. Sababu unaweza kuibuni baadaye. Mlango ukishakosekana kwenye zege, umekosekana.

Na sisi je?

Kenya imekwepa miji tangu kabla haijaitwa Kenya. Machakos ilikuwa kituo kikuu cha kampuni ya Waingereza huku bara tangu 1889. Reli ya kutoka Mombasa ikapita kando, ikafika Nairobi mwaka 1899, kwenye nyanda za maji ambazo hakuna aliyeziona kama mji, na ofisi za mkoa zikahamishwa kutoka Machakos mwaka huo huo. Machakos ingekuwa mji mkuu. Reli ilisema la, na hakuna mtu wa Machakos aliyeulizwa.

Ruka miaka 118. SGR ya abiria ilianza 2017. Mwaka 2019 likatoka agizo kwamba mizigo inayoingia kupitia bandari ya Mombasa ibebwe na treni hiyo. Malori yalipungua, na pamoja nayo chai, vitanda, matairi na mafuta, kuanzia Mombasa hadi miji ya njiani kama Mariakani, Voi na Mtito Andei. Watu wa Mombasa waliandamana. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikuwa kinyume cha katiba. Kwa hivyo mtu asiniambie Wakenya hawawezi kupinga. Shida ni kwamba huwa tunaamka wakati lori limeshapita.

Angalia Thika Superhighway ya 2012, au Nairobi Expressway ya 2022 yenye kilomita 27 angani na chini. Ukiwa kwenye Expressway huwezi kusimama ununue mahindi. Ni sawa, ndiyo kazi yake. Lakini tofauti yetu na Marekani ni hii: kule sheria ilimzuia mfanyabiashara barabarani, kisha kibao kikampeleka mteja kwake. Huku tunafanya ile nusu ya kwanza tu. Tunabomoa vibanda, tunaweka vyuma, na mteja anaachwa aruke zake. Halafu kwa sababu wengi wa hawa wauzaji wamekaa kwenye ardhi ya barabara bila karatasi, hata fidia haiwahusu. Fundi wa pancha wa miaka 15 anahesabiwa kama uchafu wa ujenzi.

Najua jibu litakalokuja: kuuza kando ya barabara kuu ni hatari, watu hugongwa. Kweli kabisa. Ndiyo maana sitetei kibanda kibaki kwenye ukingo wa lami. Natetea kibanda kipelekewe gari mahali pasipoua mtu. Kitanzi cha kijani hufanya hayo mawili kwa mpigo: lori la kwenda Malaba halipiti mbele ya shule, na familia yenye njaa inajua pa kutokea.

Kwa hivyo mji wenu ukisikia baipasi inakuja, haya ndiyo ya kudai. Milango iwe mingapi na iwe wapi, na mmoja usiwe mbali na soko. Barabara ya zamani ipewe jina na nambari na ionyeshwe kwa kibao kikubwa kabla ya mchepuko, kwa maneno yanayomwambia mgeni kuna chakula, mafuta na vitanda, na kwamba atarudi barabara kuu bila kupotea. Iandikwe ni nani atakayeitunza hiyo barabara ya zamani, mamlaka ya kitaifa au kaunti, maana lami yenye mashimo ni kibao kingine kinachosema usiingie. Na pawe na mahali pa kusimama palipotengwa kwa wale wale waliokuwa wakiuza, kabla ya kampuni kubwa kununua kila kona ya mchepuko.

Lini? Wakati ripoti ya athari za mazingira na jamii inapotangazwa ili umma utoe maoni. Ile notisi ndogo ya gazeti ambayo hakuna mtu husoma, ule mkutano wa chifu ambao wazee watano huhudhuria wakapewa soda. Hapo ndipo milango hupangwa. Siku ya kukata utepe ni ya picha tu.

Watu wa Kikopey, mko hapo? Watu wa Soko Mjinga? Kama kuna mtu amewahi kuona mchoro wa barabara unaopita kwenu, uchunguzeni kwa makini, na msihesabu laini za magari. Hesabuni milango. Kisha mniambie kwa komenti mmepata mingapi.